Sura ya Sita: Mlima Haujui Saa

Huku Bombolulu, Mombasa, hakuna mlima. Ukiiacha barabara ya Malindi ukaingia mitaani, ardhi imejilalia mpaka baharini, na mtoto wa hapa huweza kufikisha miaka kumi bila kujua kupanda ni nini zaidi ya ngazi za ghorofa. Hata hivyo wapo watu huku wanaoujua mwinuko kwa mwili wao wote. Kuna wale wa karakana za Bombolulu, zilizoanza mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambako hutengenezwa mapambo, nguo na viti vya magurudumu. Mwenye kiti cha magurudumu huhesabu kila kipandio ambacho mwenye miguu miwili hukipita akizungumza kwa simu. Na kuna wasukuma mkokoteni wa maji.

Mmoja wao alikuwa akituletea maji nyakati mifereji ilipokauka: mitungi kumi ya lita 20, yaani kilo 200 kabla hujahesabu mbao na magurudumu. Siku moja nilimsaidia kusukuma kwenye kipandio kimoja. Tulipofika juu nilikuwa natweta, nikamwambia, "Pole mzee, kazi imekwisha." Akacheka. "Mwanangu, kupanda kila mtu apanda. Sasa ndiyo twateremka." Akaushika mpini, akalala nyuma, visigino vikakwaruza lami na mapaja yakaanza kumtetemeka.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufuatilia mashindano ya dunia ya mbio za milimani, niligundua kwamba mzee yule alikuwa amenifundisha nusu ya mchezo wenyewe.

Mbio zisizo na rekodi

Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023, dunia nzima ilijua papo hapo kwamba hakuna aliyewahi kwenda kasi hiyo katika marathoni rasmi. Barabara hupimwa, kilomita 42.195 za Chicago ni zilezile za Berlin, na saa huweza kulinganisha watu ambao hawajawahi kuonana.

Mlimani hesabu hiyo haifanyi kazi. Kilomita moja ya mizizi na matope haina udugu na kilomita moja ya majani makavu. Njia hubadilika kila mji unaoandaa mashindano, na hata njia moja hubadilika mvua ikinyesha usiku. Ndiyo maana mbio za milimani hazina rekodi ya dunia. Bingwa hutajwa kwa mahali na mwaka, na muda wake ukiuhamishia mlima mwingine haukuambii lolote.

Kwa jumla mbio hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni kupanda tu: mnaanzia bondeni, mnamalizia juu, na kwenye mashindano ya dunia mwinuko wote huwa karibu mita 1,000. Ya pili ni kupanda na kushuka. Kwa miaka mingi aina hizi zilipokezana, mwaka huu kupanda tu, mwaka unaofuata kupanda na kushuka, na hivyo kila aina ilizaa mabingwa wake. Andrea Mayr, daktari wa Austria, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006, 2008, 2010, 2012, 2014 na 2016. Itazame orodha hiyo: yote ni miaka ya kupanda tu.

Hesabu ya kupanda, hesabu ya kushuka

Mita 1,000 ni nyingi kiasi gani? Tuseme ghorofa moja ina urefu wa mita tatu. Basi ni kama kupanda ghorofa 333. Mtu akizimaliza kwa dakika 45, anapanda ghorofa saba na ushei kila dakika, bila kupumzika.

Mkimbiaji wa kilo 60 akiinua mwili wake mita 1,000, kazi iliyofanyika ni kilokalori 140 hivi. Lakini misuli ni injini yenye hasara: karibu robo tu ya inachochoma hugeuka kazi, iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo mwili huteketeza takriban kilokalori 560, karibu robo ya chakula cha mtu mzima cha siku nzima, na robo tatu ya moto huo lazima itafute njia ya kutoka kwenye ngozi. Moto huu tutaurudia, kwa sababu ndio utakaotuleta Mombasa.

Anayepanda, basi, hupambana na uzito na pumzi. Ukiwa mwepesi na mapafu yako mazuri, mlima utakuheshimu. Kwenye mwinuko mkali hata mabingwa huacha kukimbia, wakashika magoti na kutembea kwa hatua ndefu, na wala hakuna aibu, kwani hapo kutembea huweza kugharimu nguvu kidogo kuliko kukimbia.

Kushuka ni habari nyingine. Mteremko ukiwa wa wastani, mwili hutumia nguvu kidogo kuliko kwenye tambarare. Ukizidi kuwa mkali, mkimbiaji anageuka breki. Msuli wa paja huwa unavutwa urefuke wakati wenyewe unajikaza ufupike, na mvutano huo huchana nyuzi zake ndogondogo. Hayo ndiyo mapaja ya mzee wa mkokoteni. Ndiyo sababu mtu anaweza kushuka mlima akicheka, na kesho yake akashindwa kukaa kitini bila kushika meza. Mpanda ngazi hushuka, wasema wahenga. Mbio za milimani zinaongeza kwamba atapimwa pia namna alivyoshuka.

Kutoka kwa kinyozi hadi mashindano ya dunia

Watu wameshindana kupanda milima tangu zamani, hasa Uskoti, Uingereza na nchi za Alps. Mwaka 1895 kinyozi mmoja wa mji wa Fort William, William Swan, alipanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uskoti, akarudi chini kwa saa 2 na dakika 41. Mwaka 1974 Uswisi ilianzisha mbio za Sierre-Zinal, ambazo hadi leo ni kama hija ya mchezo huu.

Mashindano ya dunia yenyewe yalianza mwaka 1985 huko San Vigilio di Marebbe, kaskazini mwa Italia. Kwa miaka mingi yalikuwa kama harusi ya ukoo mmoja: Waitalia, Waswisi, Waaustria na Waingereza. Marco De Gasperi wa Italia na Jonathan Wyatt wa New Zealand walipokezana ubingwa kiasi kwamba wengine walikuwa kama waalikwa. Mwaka 2009 mashindano yakapewa rasmi hadhi ya ubingwa wa dunia, na mwaka huohuo mlango ukafunguliwa upande wetu.

Aliyeshinda Madesimo, Italia, mwaka huo alikuwa Geoffrey Kusuro wa Uganda. Kuanzia hapo hadi 2018, kila bingwa wa wanaume alitoka Uganda au Eritrea, isipokuwa Wamarekani wawili: Max King mwaka 2011 na Joseph Gray mwaka 2016.

Kwa nini Uganda? Ukiifungua ramani utauona Mlima Elgon. Wakimbiaji wengi wa timu hiyo ni watoto wa Kapchorwa na Bukwo, ambako kwenda shule ni kupanda na kurudi nyumbani ni kuteremka, au kinyume chake. Mwaka 2017, kule Premana, Italia, mmoja wao aliyekuwa na miaka 17, Victor Kiplangat, alichukua ubingwa. Mwaka 2023 kijana huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest. Mlima ulikuwa shule yake.

Wakenya walichelewa kuitika wito huu, na mimi naona sababu ni ya kawaida kabisa: kilele hakilipi kama lami. Walioitika waling'ara. Lucy Wambui Murigi alishinda mwaka 2017, akarudia 2018 huko Andorra. Patrick Kipngeno akashinda mbio za kupanda mwaka 2022 huko Chiang Mai, Thailand, na tena 2023 Innsbruck, Austria.

Mashindano ya Chiang Mai yalikuwa ya mwaka 2021, yakaahirishwa kwa ajili ya korona. Yalikuwa ya kwanza kuunganisha mbio za milimani na mbio ndefu za njia za porini, na tangu hapo desturi ya kukutana kila mwaka ikaachwa. Sasa ni kila baada ya miaka miwili. Hukohuko Chiang Mai, Rebecca Cheptegei wa Uganda alishinda mbio za kupanda na kushuka. Alikuwa akiishi Endebess, chini ya Elgon upande wa Kenya. Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alifariki katika hospitali ya Eldoret kwa majeraha ya moto, baada ya mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake kummwagia petroli. Mlima aliupanda na kuushuka salama. Kilichomuua kilimfuata nyumbani.

Mlima wa Mombasa

Sasa turudi pwani. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika, binamu wa mbio za milimani, yalifanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari. Kutoka Bombolulu ni kuvuka daraja la Nyali na kukikata kisiwa hadi upande wa kivuko cha Likoni. Njia ilikuwa na vituta vichache tu, na aliyetegemewa alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu na fupi za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2006.

Ila Machi kwetu ni mkia wa kaskazi. Upepo hulegea, hewa hujaa maji, na jasho linabaki juu ya ngozi likitiririka. Hapa ndipo moto ule wa robo tatu unapotudai. Jasho hupoza mwili linapokauka. Lisipokauka, unapoteza maji bure na joto linabaki ndani. Kila mtu wa pwani aliyewahi kupanga foleni mchana wa Machi anaijua habari hii bila kuisoma.

Mizunguko ikasonga. Zersenay Tadese wa Eritrea akaongeza mwendo, na katika mzunguko wa mwisho Bekele akasimama, akatoka njiani. Tadese akashinda, Moses Mosop wa Kenya akawa wa pili. Kwa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyevaa jezi ya Uholanzi, alimwacha nyuma Tirunesh Dibaba.

Wapo waliosema Bekele amekwisha. Mwaka uliofuata mashindano yakaenda Edinburgh, kwenye baridi ya Uskoti na ardhi yenye vilima. Tadese alikuwapo, akamaliza wa tatu. Aliyeshinda ni Bekele, kwa miguu ileile iliyogoma Mombasa.