Boti Moja kwa Ndoana na Skii

Boti ya kuvulia na boti ya kuvuta wanaskii zinataka mambo yanayopingana. Mvuvi wa mshipi anataka chombo kinachotambaa kimyakimya kwa kilomita mbili tatu kwa saa, chenye jukwaa pana la kusimamia na ukingo usio na kitu cha kunasa mshipi. Anayeteleza nyuma ya kamba anataka injini itakayomnyanyua kutoka majini kwa sekunde chache, imshikilie kwenye kilomita 45 hadi 55 kwa saa bila kuyumba, na wimbi linaloachwa nyuma liwe dogo na laini. Watengenezaji wa Marekani wamekuwa wakiuza kwa miaka mingi boti inayodai kuziweza kazi zote mbili, na katika majimbo yenye maziwa mengi imekuwa boti ya familia: baba anavua alfajiri, watoto wanavutwa mchana. Mshika mbili moja humponyoka, na katika boti hizi la kuponyoka huamuliwa siku ya kununua.

Mfano mzuri uko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambalo, kwa hesabu rasmi, lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa hekta nne na zaidi. Mchezo wa skii majini wenyewe ulianzia huko. Mwaka 1922 Ralph Samuelson, kijana wa mji wa Lake City, alijaribu kusimama juu ya maji ya Ziwa Pepin, pale Mto Mississippi unapopanuka. Alitumia mbao za pipa, kisha skii za theluji, na zote zikamzamisha. Mwishowe alichukua mbao mbili za msonobari zenye urefu wa mita 2.4 hivi, akazichemsha ncha katika sufuria la mama yake hadi zikapindika, akavutwa na boti ya kaka yake. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alifaulu. Maji yayo hayo ni ya wavuvi pia. Windo lao kuu ni walleye, aliyetangazwa kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965.

Walleye ana tabaka ndani ya jicho linalorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri kwenye gizagiza na hula zaidi alfajiri na magharibi. Hizo ndizo saa ambazo upepo umelala na maji yametulia, yaani saa anazozililia mwanaskii. Katika nyumba nyingi mvuvi hushinda mabishano hayo kwa sababu ndiye anayekubali kuamka saa kumi alfajiri. Kalenda nayo inampendelea. Msimu wa walleye hufunguliwa mwezi Mei, maji yakiwa bado baridi ya kuuma kwa kuwa barafu imeyeyuka majuzi tu. Skii huchangamka Julai na Agosti, na ikifika Septemba boti inamrudia mvuvi peke yake. Anayetaka kununua afanye kwanza hesabu ya namna hiyo kwa ziwa lake na watu wake, kabla hajaonyeshwa rangi wala viti.

Hesabu ikitoka hivyo, ni busara kuanza na boti ya kuvulia yenye injini ya kutosha kuliko kuanza na boti ya skii na kuibandika vishikio vya fimbo. Boti halisi ya skii, ile ya mashindano, ina injini katikati, rafadha chini ya tumbo, na tumbo lenyewe karibu ni bapa ili wimbi la nyuma liwe dogo. Kwenye ziwa dogo lililotulia haina mpinzani. Ipelekwe Mille Lacs, ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 500 lakini kina chake hakizidi sana mita 13, na upepo wa mchana utainua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, ambayo tumbo bapa huyapiga moja baada ya jingine mpaka meno yagongane. Kingo zake fupi hukaribisha maji ndani, na rafadha ile ya chini haina pa kujificha mwamba ukitokea. Boti ya kuvulia, kwa upande wake, haipungukiwi na mengi ili ivute skii: nguvu, mahali pa kufungia kamba na kiti cha mtazamaji.

Tumbo linalofaa kazi zote mbili lina umbo la V lisilo kali sana. V iliyochongoka hukata mawimbi vizuri, lakini boti ikisimama huyumba kila mtu anapohama upande, na hula nguvu zaidi kuinuka juu ya maji. V iliyolala huinuka upesi na kutulia mvuvi anaposimama, ila safari ya kurudi nyumbani katika upepo huwa ya mateso. Kwa familia ya watu wanne au watano, urefu wa mita 5.2 hadi 5.8 ndio unaotosha. Ikipungua hapo, watu, mbao za skii na fimbo hugombania sakafu moja. Ikizidi, bei, mafuta na gari la kuvutia trela huongezeka pamoja.

Faiba au alumini? Faiba huumbika kwa umbo lolote, ni nzito, na uzito huo huifanya itulie mwanaskii anapovuta kamba kwa nguvu pembeni. Alumini ni nyepesi, huvutwa na gari la kawaida, huridhika na injini ndogo zaidi, na ikigonga jiwe mara nyingi hubonyea badala ya kupasuka. Upepo lakini huisukuma hovyo, na mwanaskii mzito anaweza kuiyumbisha tezi. Kwenye maziwa yenye miamba alumini inashinda. Kwenye maji makubwa, kwa mwenye gari lenye nguvu, faiba ina raha yake.

Kwenye injini ndiko pesa nyingi hupotea. Injini ya nje, aina ambayo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, aliiingiza sokoni mjini Milwaukee mwaka 1909, ndiyo chaguo la wengi, na si kwa mazoea tu. Inaacha sakafu wazi, huinuliwa penye maji mafupi, na ikisimamishwa wima maji yote humwagika yenyewe. Katika nchi ambako ziwa huganda, injini ya ndani iliyosahauliwa na maji tumboni hupasuka kabla ya Januari. Kwa boti ya alumini ya mita tano, nguvu farasi 75 huwavuta watoto na boya la kupanda, lakini mtu mzima anayeanzia majini kwa skii moja ataibana. Hapo 115 ndiyo mahali pa kuanzia, na boti ya faiba ya mita 5.8 hutaka 150 au zaidi. Injini ndogo haipunguzi mwendo tu. Inaacha omo imeelekea angani kwa sekunde nyingi, na sekunde hizo zote dereva haoni kilicho mbele. Mafuta yanafuata nguvu: injini ya 150 ikifunguliwa yote hunywa lita 55 hivi kwa saa. Kwa bahati nzuri skii haihitaji kuifungua yote, na uvuvi hauhitaji hata robo yake.

Rafadha ni kifaa cha bei nafuu kinachobadilisha tabia ya boti nzima, na wauzaji hawakitaji sana. Yenye mwinamo mdogo wa mabawa humnyanyua mwanaskii haraka lakini hukata kasi ya juu. Yenye mwinamo mkubwa hufanya kinyume. Inchi moja ya tofauti hubadilisha mizunguko ya injini kwa 150 hadi 200 hivi kwa dakika. Wenye boti hizi wengi hununua mbili, moja ya majira ya joto na moja ya masika na vuli, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Mvuvi naye ana injini yake ya pili: mota ya umeme inayofungwa omoni, isiyotoa sauti, ambayo katika matoleo ya kisasa hutumia setilaiti kuishikilia boti mahali pamoja bila nanga. Kwa boti inayofika kilo 1,000 ikiwa imepakiwa, msukumo wa kilo 20 ndio wa chini kabisa, na penye upepo afadhali kilo 35, unaotaka betri mbili. Betri ya risasi ya ukubwa huo ina kilo 25 hivi, na kwa kawaida hukaa tezini. Hapo hapo tezini kuna injini ya kilo 160 au zaidi, tangi la mafuta, na tangi la samaki hai ambalo likijazwa lita 100 ni kilo 100 nyingine. Boti iliyokalia tezi namna hii huinuka kwa taabu hata injini ikiwa ya kutosha. Dawa ni mbili: tangi la samaki limwagwe kabla ya kamba kutupwa, na betri zihamishiwe katikati kama nafasi ipo. Kuwarundika watu omoni ili kusawazisha si dawa, maana kwenye kona kali omo nzito inaweza kuchota maji.

Ndani ya boti, tofauti ndogo huonekana kwa miguu. Boti za kuvulia kwa kawaida hutandikwa zulia. Ndoana ya makucha matatu ikianguka humo hujizika, haionekani, na hupatikana adhuhuri na unyayo mtupu wa mtoto aliyetoka majini. Sakafu ya vinaili haifichi ndoana, huoshwa damu ya samaki kwa ndoo moja, na hukauka. Fimbo zenye urefu wa mita mbili na zaidi ziwe na kabati lake lenye kufuli, si vishikio vya pembeni ambavyo mtu akiparamia boti hushika badala ya ukingo. Viti vya nyuma vinavyokunjuka na kuwa jukwaa la kurushia mshipi ni uvumbuzi mzuri, mradi bawaba zake ni za chuma kisichoshika kutu. Za plastiki hazimalizi miaka mitatu. Kioo cha mbele chenye njia katikati kinamkinga dereva na kumruhusu mvuvi kwenda omoni. Ngazi iwe tezini, kando ya injini, na injini izimwe kabisa kila mtu anapopanda au kushuka.

Kamba ya skii, ambayo kwa kawaida ina mita 23, isifungwe kwenye kiringi kimoja cha upande wa tezi, kwa kuwa huivuta boti upande na kujisugua kwenye injini. Nguzo fupi ya kuchomoa, au upinde wa chuma unaopita juu ya injini, huimaliza shida hiyo, na siku ya kuvua huachwa nyumbani. Kuteleza karibu na tezi juu ya wimbi lenyewe bila kamba, mchezo uliopata wapenzi wengi, hakufai kabisa nyuma ya injini ya nje, kwa kuwa anayeanguka humwangukia rafadha.

Sheria za Marekani zina mengi yanayofaa kuigwa kwingine. Boti ya chini ya futi 20 hubandikwa kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu za injini isizopaswa kuzidi. Tangu Aprili 2021 dereva wa boti ndogo yenye injini lazima, inapokwenda kasi, ajifunge kwenye kizimio cha dharura. Minnesota hudai awepo mtu wa pili wa kumtazama anayevutwa, au boti iwe na kioo kipana cha kuonyesha nyuma. Inadai pia kizibo kichomolewe na ngama na matangi yamwagwe kabla ya boti kuondoka ziwani, ili isihamishe kome wadogo waitwao pundamilia, wanaosambaa maziwani humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Boti yenye matangi ambayo hayaishi maji hata yakimwagwa itampa mwenyewe usumbufu kila Jumapili jioni.

Kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, Kenya, ambako skii majini si mchezo mgeni, chumvi huongeza sharti jingine: zinki za kukinga alumini zibadilishwe zikilika, na injini isafishwe kwa maji baridi kila ikirudi.

Boti iliyotumika ikaguliwe kwanza ubao wa tezi unaobeba injini. Injini ishikwe chini, itikiswe kwa nguvu. Ubao ukicheza au ukitoa maji kwenye matundu ya bolti, umeoza ndani, na kuubadilisha kunaweza kupita bei ya boti. Kisha jaribio lifanyike majini, na muuzaji asiachwe aende na mtu mmoja na tangi tupu. Wapande watu wote wa nyumbani, mafuta yajae, betri ziwe mahali pake, na mtu mzito kuliko wote avutwe kwa skii. Baada ya hapo injini izimwe, watu wawili wasimame upande mmoja kama wanaovuta samaki, na mnunuzi aangalie ukingo umebakisha kiasi gani juu ya maji.