Dona nayo ni wanga
Kwenye kliniki ya kisukari haipiti wiki bila mtu kuniambia: "Daktari, sembe niliiacha zamani, siku hizi nakula dona tu. Mbona sukari haishuki?" Huwa namuuliza ukubwa wa tonge lake, kisha tunapiga hesabu pamoja.

Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu 79 hivi, na ndani yake nyuzinyuzi ni gramu 4. Dona ya uzito huohuo ina wanga wa gramu 77, nyuzinyuzi 7. Nyuzinyuzi nazo ni wanga, ila utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya zikawa sukari ya damu. Ukizitoa, sembe inabakiwa na gramu 75 na dona 70. Tofauti ni gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai cha sukari. Dona naipenda na nitaendelea kuisifu, maana inashibisha na ina virutubisho ambavyo kinu cha sembe huviondoa pamoja na pumba na kiini. Lakini anayejiongezea ugali kwa sababu ni wa dona amekirudia kilekile alichokikimbia.

Hesabu ianze kwenye unga. Ugali ukishaiva huwezi kujua umekunywa maji kiasi gani. Wa nyumba hii ni mgumu, wa jirani ni laini. Pima robo kilo ya dona kabla ya kusonga: hapo una wanga wa gramu 175, nyuzinyuzi zikiwa zimetolewa. Ugali ukiiva, uweke wote kwenye mizani. Ukikuta gramu 750, kila gramu 100 zina wanga wa gramu 23 hivi. Bonge la gramu 300 linakupa gramu 70. Ukifanya hivyo mara nne tano kwa sufuria yako na mwiko wako, jicho linazoea.

Kwenye maharage ndiko nyuzinyuzi zinakobadilisha hesabu kweli. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina wanga wa gramu 40, na 13 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, zinabaki 27. Kikombe cha wali mweupe kina gramu 45, nyuzinyuzi hata gramu moja haifiki. Punguza wali, ongeza maharage, uone kipimo chako baada ya saa mbili.

Vyakula vya pakiti vina mtego wake. Lebo ya Marekani huandika wanga wa jumla, nyuzinyuzi zikiwa ndani. Lebo ya Uingereza na nchi za Ulaya huwa imeshazitoa. Ukizitoa tena, utahesabu pungufu. Na kama unajidunga insulini kwa kufuata wanga, dozi itakuwa ndogo na sukari itapanda. Muulize pia daktari wako kama uwiano wa insulini aliokupangia ulizingatia wanga wa jumla au uliotolewa nyuzinyuzi. Usibadilishe njia ya kuhesabu peke yako.

Siku ya kliniki, njoo na daftari. Andika kwa siku tatu uzito wa unga, uzito wa bonge ulilokula, sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye. Kwa daftari hilo nitaweza kukusaidia zaidi kuliko kwa neno "dona" peke yake.