Mvua ya Kwanza Inapoua Ng'ombe Aliyeshinda Ukame



Umevuka kiangazi. Ng'ombe wamekonda lakini wako hai. Mvua inanyesha usiku kucha na watu nyumbani wanafurahi. Kumbe asubuhi unakuta ng'ombe wamelala zizini hawawezi kuinuka, na wengine wamekufa. Mara nyingi tunaambiwa ni sumu au ugonjwa mpya. Inawezekana, lakini mara nyingi muuaji ni baridi.

Kwa nini baridi inaua

Ng'ombe ana vitu vitatu vya kumkinga na baridi. Cha kwanza ni mafuta chini ya ngozi. Cha pili ni manyoya makavu, ambayo hushika hewa kama blanketi. Cha tatu ni tumbo kubwa: ndani yake wamo vijidudu wanaochachusha majani, na kazi hiyo hutoa joto kama moto wa jikoni.

Ukame umemaliza mafuta. Mvua imelowesha manyoya. Tumbo ni tupu, basi moto umezimika. Ng'ombe anaanza kutetemeka ili apate joto, na kutetemeka kunamaliza nguvu kidogo aliyobaki nayo. Upepo ukiongezeka, anaanguka. Wanaotangulia ni ndama, wazee na majike wenye mimba au wanaonyonyesha.

Majani mabichi nayo yana hatari

Majani yanayochipua yana maji mengi na nguvu kidogo. Ng'ombe hutembea mbali kuyafuata na kurudi amechoka zaidi. Pia vijidudu vya tumboni vimezoea majani makavu, navyo huhitaji kama wiki 2 hadi 3 kuzoea chakula kipya. Ukibadilisha ghafla, mnyama anaharisha au tumbo linajaa gesi.

Fanya haya

1. Tunza majani makavu. Usimalize yote wakati wa kiangazi. Bakiza sehemu ya alalili au ngitiri, au mabua ya mahindi, kwa ajili ya wiki za kwanza za mvua.

2. Lisha jioni. Mpe mnyama dhaifu majani makavu kabla ya kulala, tumbo lifanye kazi ya kumpasha joto usiku.

3. Asubuhi pia anza na makavu, ndipo umpeleke kwenye mabichi kwa muda mfupi. Ongeza muda siku hadi siku.

4. Kinga upepo. Ziba upande wa zizi unakotoka upepo kwa matawi au turubai. Wadhaifu walale pakavu, si kwenye matope.

5. Aliyeanguka mkaushe kwa magunia au majani makavu, mfunike, mlaze kifuani na siyo ubavuni, na mgeuze upande mara kadhaa kwa siku. Asiyeweza kumeza usimnyweshe kwa chupa. Maji yataingia kwenye mapafu.

6. Mvua ikiendelea, kupe nao huongezeka. Rudia kuogesha, uangalie ndama kwa ndigana kali.

Ukiona mimba nyingi zinatoka

Mafuriko huleta mbu, na mbu wanaweza kuleta Homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyokuwa Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Dalili yake ni mimba nyingi kutoka kwa pamoja na vifo vya wana-kondoo na wana-mbuzi. Homa hii huua watu pia. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, wala usinywe maziwa mabichi. Toa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Amua mapema

Pita zizini kabla mawingu hayajakusanyika. Ng'ombe anayehitaji kuinuliwa leo kwenye jua hatavumilia usiku wa mvua bila chakula na kinga. Walio dhaifu watenge uwahudumie. Kama majani hayatoshi wote, uza baadhi wangali wanatembea, na fedha hiyo inunue chakula cha waliobaki. Najua kuuza ng'ombe uliyemlea ni kuzito. Lakini aliyeuzwa amelisha wenzake. Aliyekufa kwenye matope amekwenda bure.