Kambare pundamilia wa mto Xingu

Aliyezoea kambare wa maziwa na mabwawa yetu, mwenye ngozi tupu inayoteleza, hatamtambua huyu kuwa ni wa jamii hiyo. Mwili wake umevikwa mabamba ya mfupa yaliyopangwa safu kwa safu, na mistari myeusi na myeupe imempamba kuanzia puani hadi mkiani. Akikomaa hana zaidi ya sentimita 8 hivi. Mwaka 1991 wanasayansi walimpa jina Hypancistrus zebra.

Duniani kote anaishi porini mahali pamoja tu: mto Xingu, katika jimbo la Pará, Brazili. Karibu na mji wa Altamira mto huo hupinda ghafla na kuzunguka zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea Amazon. Pindo hilo huitwa Volta Grande. Maji yake ni maangavu na ya uvuguvugu, hukaribia nyuzi 30, na kwa kuwa hupigwapiga juu ya miamba, hubeba oksijeni nyingi.

Ukiwaza maji hayo, umbo la samaki huyu linaeleweka. Mdomo wake uko upande wa chini, nao hunyonya jiwe kwa nguvu hata mkondo usimng'oe. Mwili wake bapa hupenya katika nyufa za miamba, na humo hushinda mchana kutwa. Usiku hutoka kutafuta chakula. Ufa huohuo ndio chumba cha uzazi. Jike hutaga mayai machache, aghalabu 10 hadi 15, kisha humwachia dume ayalinde na kuyapepea kwa mapezi. Samaki mwenye uzao mdogo namna hii hawezi kustahimili uvuvi wa pupa.

Na pupa ilikuja. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya, Asia na Marekani walimtamani mno, na wapiga mbizi wa Xingu wakawa wanashuka na mpira wa hewa mdomoni kumtoa kwenye nyufa. Brazili ilipiga marufuku uvuvi wake mwaka 2004, lakini magendo yakaendelea. Mwaka 2022, huko Panama, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulimwingiza katika orodha yake ya pili, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Nimeufurahia uamuzi huo, hasa kwa kuwa samaki huyu huzaliana vizuri kwenye matangi ya kioo, na hakuna sababu ya kumwiba mtoni.

Hofu yangu kubwa ni maji yenyewe. Tangu 2016 bwawa la umeme la Belo Monte, lenye mitambo ya zaidi ya megawati 11,000, limekuwa likielekeza hadi asilimia 80 ya maji ya Xingu kwenye mfereji unaolikwepa pindo. Mkondo ukilegea, oksijeni hupungua na tope hutuama katika nyufa. Mafuriko ya msimu, ambayo samaki wengi wa huko huyategemea ili wazaliane, nayo yamefifia. Wajuruna, wenyeji wa asili wanaoishi kandokando ya Volta Grande, wameungana na watafiti kufuatilia hali ya mto na samaki wanaovuliwa, na wanadai pindo liachiwe maji mengi zaidi katika miezi ya mafuriko. Kiasi cha maji yanayoachiwa pindo hupangwa kwa ratiba ya mwezi hadi mwezi, na ratiba hiyo ndiyo inayobishaniwa kati ya wenyeji, kampuni ya umeme na Ibama, mamlaka ya mazingira ya Brazili.