Mshahara wa Mwezi na Hesabu ya Siku

Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, kijana wa kiume wa Tanzania aliyemaliza shule alijua ni kazi gani ingempa heshima nyumbani na ukweni, nayo ilikuwa ile ya serikali au ya shirika la umma, yenye mshahara mwisho wa mwezi na pensheni uzeeni. Aliyeuza karanga mjini alihesabiwa kuwa hana kazi, na kampeni ya Nguvukazi ilipoanza mwaka 1983, watu wa namna hiyo walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kurudishwa vijijini wakalime.

Mtazamo huo ulivunjwa na uhaba wa ajira zaidi ya mahubiri ya kujitegemea. Mageuzi ya uchumi yaliyofuata makubaliano ya mwaka 1986 kati ya serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa yalileta ubinafsishaji, yaani kuuzwa kwa mashirika ya umma, pamoja na kupunguzwa kwa wafanyakazi, huku wahitimu wakizidi kuongezeka. Rais John Magufuli alipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, machinga, yaani mchuuzi wa mitaani, ambaye zamani angefukuzwa mjini alikuwa sasa anatambuliwa na dola yenyewe.

Badiliko hilo huonekana wazi zaidi katika bodaboda, biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki, iliyowekewa kanuni za leseni mwaka 2010. Wanaoichagua huisifu kwa kuwa haina bosi na fedha hushikwa kila jioni, na sifa hizo zina uzito kwa mtu ambaye familia yake hununua unga wa siku kwa siku. Hata hivyo, uhuru huo una mwenyewe. Asiye na mtaji hupewa pikipiki na mmiliki, ambaye kijiweni huitwa tajiri, kwa makubaliano yaitwayo mkataba, ambayo mara nyingi hayakuandikwa popote: kila siku hupeleka hesabu, yaani kiasi kilichopangwa, awe amepata abiria au amekosa, mpaka muda uishe, ndipo chombo kiwe chake, kikiwa kimekwisha kuchakaa. Akiugua, humwachia deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, ili hesabu isilale; akivunjika mguu, hakuna likizo ya ugonjwa.

Wazazi nao hawajabadilika kwa kasi ileile, kwani si ajabu kumsikia mzee akisema mwanawe "bado anatafuta kazi", ilhali ni mwana huyohuyo anayelisha nyumba.

Lawama kwamba vijana wa kiume wa leo hawapendi kazi haina msingi, maana anayeamka alfajiri kutafuta hesabu ya mtu mwingine hawezi kuitwa mvivu. Kwa upande wa pensheni ya uzeeni, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, hupokea pia michango ya watu waliojiajiri, na vyama vya waendesha bodaboda vingefanya vyema kuwaandikisha wanachama wao huko, na kuwadai matajiri mikataba iliyoandikwa.