Mikono Chini, Yakhe: Unyusi wa Istanbul Ukitua Makoongwe

Oya mwana, sogea hapa maskani. Leo hatuongelei simu wala jezi. Leo nyusi.

Unamjua yule mshkaji wetu mwenye mstari kwenye unyusi wa kushoto. Watoto wa Chake walidhani kachorwa na kinyozi, kapiga chata la kisharobaro, hadi wengine wakaiga. Chata wapi! Foromali ilimshukia baharini, akiwa dogo wa miaka 12. Ngozi ikaungana, nywele hazikurudi, kovu likabaki linang'aa kama sarafu mpya. Akakua nalo, akaenda nalo Muscat kupiga mzigo, na miaka mitatu baadaye akajilipua: Istanbul, kupandikiza nywele kwenye unyusi. Unyama sana!

Mkwanja wake sasa. Kliniki nyingi za kule hutangaza bei kati ya dola 1,500 na 3,000. Chukua dola 2,000, karibu milioni 5 za kwetu. Igeuze karafuu: kwa bei ile ya elfu 14 kilo tuliyoizoea miaka mingi, hiyo ni zaidi ya kilo 350, tena kavu. Umeparamia mikarafuu mingapi hapo? Na tiketi bado hujakata. Halafu mtu alipe mzigo wote huo, arudi nyumbani, ajikune. Hapana. Hapo ndipo nilipompa sheria moja tu: mikono chini.

Skia mambo yanavyokwenda. Daktari anachomoa nywele kisogoni, mojamoja na mzizi wake, hizo ndizo grafti. Anazipanda kwenye unyusi zikiwa zimelala karibu sambamba na ngozi, maana nywele ya unyusi hailengi juu kama ya kichwani. Kazi yake inaisha siku ileile. Kazi yako inaanza hapo. Siku za mwanzo grafti inashikiliwa na kijidamu kilichoganda, basi. Kucha moja ikipita, grafti imetoka na mzizi wake, na haipandwi tena. Ukivuka siku ya 10 hivi, imeshakamata.

Mchizi alitua siku ya nne. Ndege ya Istanbul mpaka Unguja, meli kutoka Malindi mpaka Mkoani, Pemba, kote huko fresh. Kimbembe kikawa kile kipande kidogo cha mwisho, Mkoani kuja kisiwani kwetu Makoongwe. Upepo umeamka, boti inarusha maji, na mwamba kakaa tezi, mgongo kaupa upepo, mwamvuli kauinamisha usoni kama bibi harusi. Nahodha akavunjika mbavu. Tone halikumfika.

Tumefika, wazee wa barazani wameshajipanga. Wa kwanza: "Kaoge bahari, chumvi inaponya, si hata huko wanakupulizia maji ya chumvi?" Ndiyo, wanapuliza. Ila maji ya chumvi ya hospitali yana gramu 9 za chumvi kwa lita, na ni safi, hayana kijidudu. Bahari yetu ina kama gramu 35, na humo mna kila kitu kilichomwagwa kuanzia bandarini. Kupiga mbizi ni baada ya mwezi. Wa pili akaleta mafuta ya habasoda. Wa tatu asali. Bibi akaja na kitunguu. Kitunguu, mwana! Kwenye unyusi wa milioni 5! Nikasimama mlangoni kama beki: kisichoandikwa na daktari hakipiti hapa. Bibi kanuna siku mbili.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoua mchongo. Kanzu, kwa mfano. Inavaliwa kichwani, shingo yake inashuka inakwangua paji zima. Wiki ya kwanza ni shati la vifungo, hata Ijumaa. Madada, ushungi usishuke mpaka kwenye nyusi, na pini kaeni nazo mbali. Chandarua: usiku wa kwanza kilikuwa kinamlamba uso kila upepo ukiingia dirishani. Tukakifunga juu zaidi, tukampa mito miwili, alale chali kichwa kikiwa kimeinuka, uvimbe usimshukie machoni. Ulishuka kidogo tu, jicho likawa kama la bondia, kisha likanywea. Hiyo kawaida. Isiyo kawaida ni usaha, wekundu unaotambaa, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hapo usibishane na mtu, panda boti, nenda Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani.

Sala nayo. Kuinama na kubana paji chini siku za mwanzo ni kuzisugua grafti. Mzee mmoja akatoa macho: "Unyusi nao ugonjwa?" Mzee wangu, hiki ni kidonda kibichi, na dini haijamwacha mwenye kidonda. Anasali kwa ishara, anaketi, anainamisha kichwa kiasi anachoweza. Maji yakimdhuru, kuna kutayamamu. Mshkaji alimuuliza ustadhi wake kabla hajasafiri, akajibiwa, akatulia. Fanya hivyohivyo, usingoje kuulizia sebuleni huku mkeka umeshatandikwa.

Siku ya tano vigaga vikakauka, vidogo kama punje za ufuta. Vinawasha kinoma! Mkono ukawa unapanda wenyewe, na maskani nzima tunaimba: mikono chini! Akila, mikono chini. Akicheza karata, mikono chini. Hata watoto wa chuoni wakipita wanapiga kelele. Siku ya tisa vimedondoka vyenyewe, chini yake unyusi mzima, mweusi, umenyooka. Tukapiga picha. Luku kali. Idi iko mbele, pamba zimeshashonwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapodata. Wiki ya tatu, nywele zikaanza kuanguka. Asubuhi anaamka, kwenye mto wa kulalia kuna vinywele. Siku tatu hivi, kovu limerudi kama lilivyokuwa. Bibi na kitunguu chake akapita anacheka peke yake. Mshkaji kajifungia ndani, Idi kaila dirishani. Mwana, sikufichi, roho iliniuma. Nilikaa naye pale kitandani nikamwambia kile ambacho kila mtu alitakiwa kuambiwa mapema: kinachoanguka ni unywele, mzizi umebaki ndani, umelala. Utaamka mwezi wa tatu au wa nne. Sura yenyewe inakamilika karibu na mwaka, na kwenye kovu inachelewa zaidi kwa sababu damu inayopita hapo ni kidogo. Wengine hurudi kuongezewa. Kwa hiyo ukiwa na harusi, hesabu miezi 12 nyuma.

Na usizibe pengo kwa piko. Madada mnanisikia? Piko nyeusi ina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, inaweza kuunguza hata ngozi nzima, sembuse ngozi iliyotobolewa mara mia. Wanja wenyewe ungoje wiki mbili zipite, na uwe wako, si wa kuzunguka mtaa mzima. Jua la hapa usilichezee: kofia pana ya ukili, mwezi wa kwanza wote. Fegi na shisha weka pembeni, zinabana damu.

Wazee wanasema haya mambo ya TikTok. TikTok? Daktari wa Japani, Okuda, aliandika kuhusu kupandikiza nywele kwenye makovu, na nyusi zikiwemo, mwaka 1939. Dingi yako alikuwa wapi? Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York akachapisha jambo ambalo mshkaji analiishi mpaka leo: nywele inaenda na tabia ya ilikotoka. Imetoka kisogoni, inajijua ni ya kisogoni. Hairefuki kidogo ikatulia. Inakwenda sentimita moja kwa mwezi, kama unataka kusuka.

Mwezi wa nne vikachomoza, vyembamba, vingine vimejikunja. Mwezi wa sita kovu ukilitafuta unalikosa. Kila Alhamisi jioni anakuja hapa, anaketi mbele ya kioo cha pikipiki, nampunguza kwa mkasi mdogo, nachana kwenda juu, nakata ncha. Mwezi uliopita akaenda dago, wiki tatu hajakatwa. Karudi unyusi mmoja umetulia, mwingine umefika kwenye kope, unapepea! Watoto wakamfuata kutoka ufukweni mpaka maskani. Akaketi, akaanza kuuviringisha kwa vidole.

Mikono chini, yakhe. Mkasi unakuja.