Hamartia: Kosa au Dhambi?

Mwalimu asomeshaye michezo ya kuigiza ya Wayunani wa kale hukutana upesi na neno hamartia. Kwa kuwa ndilo neno la Agano Jipya kwa maana ya dhambi, kama katika Yohana 1:29, ni rahisi kuandika ubaoni "dhambi" na kuendelea mbele. Twaona kwamba tafsiri hiyo, iliyo sahihi katika Injili, humpoteza mwanafunzi katika mchezo.

Asili ya neno ni kukosa shabaha. Homer, katika masimulizi ya vita vya Troya, atumia kitenzi chake kwa mtu atupaye mkuki usimpate adui. Kiebrania nacho kina njia iyo hiyo: katika Waamuzi 20:16 twasoma habari za watu 700 wenye kutumia mkono wa kushoto, waliotupa mawe kwa teo wasikose, na kitenzi cha pale ndicho cha kutenda dhambi penginepo. Kiswahili kimekwisha kutuwekea neno tayari: kukosa ni kutopata, tena ni kufanya kosa.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mtu afaaye kwa tanzia, yaani mchezo wa msiba, si mwema kupita wote wala si mwovu. Huanguka kwa hamartia, wala si kwa uovu wake. Mfano mmoja autoao ni Oedipus, mfalme wa Thebes, ambaye mchezo wake uliotungwa na Sophocles ulifasiriwa na Samuel Mushi kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Oedipus alimwua mzee njiani asijue kuwa ni babaye, akamwoa mjane asijue kuwa ni mamaye. Hasira alikuwa nayo. Walakini lililomwangusha ni kutojua.

Kosa likieleweka hivyo, maneno mengine matatu hufuata kwa urahisi. Peripetia ni mgeuko wa mambo: mjumbe atoka Korintho ili amwondolee mfalme hofu, kumbe maneno yake ndiyo yanayomfunulia msiba. Anagnorisi ni utambuzi, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Katharsi ni kutakaswa, neno la jamii moja na lile la Luka 2:22; hapa lahusu huruma na hofu za watazamaji, na wataalamu wangali wakibishana juu ya namna yake.

Basi, tukisema "dhambi," tumeua huruma hiyo, maana Aristotle mwenyewe asema twamhurumia yule apatwaye na mabaya asiyoyastahili. Mwanafunzi atadhani kila mwenye msiba ameuchuma mwenyewe. Ndilo wazo lililokuwamo katika swali la wanafunzi juu ya kipofu, Yohana 9:2, na Bwana alilikataa. Yafaa tuandike "kosa," kisha tueleze kwa mfano wa mtupa mkuki.